Taifa lenye mataifa 18: mgao wa madaraka wa Lebanon na mahali unapokwama

Kila mwisho wa Machi watu wa Lebanon husogeza saa zao mbele kwa saa moja. Mwaka 2023 siku yenyewe iliangukia usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 26. Alhamisi, siku 3 tu kabla, Waziri Mkuu Najib Mikati, kwa kuombwa na Spika Nabih Berri, alitangaza kwamba saa zitabaki zilivyo mpaka Ramadhani iishe, ili wafungaji wafuturu mnamo saa 12 jioni badala ya saa 1. Kanisa la Wamaroni, Wakristo wa Kikatoliki wa Mashariki, likasema halikushauriwa na litafuata majira ya kila mwaka. Baadhi ya televisheni, shule na biashara zikasogeza saa, nyingine zikakataa. Shirika la ndege la nchi likaacha saa zake zilivyo, likabadilisha ratiba ya safari. Kampuni za simu zikawaandikia wateja wabadilishe saa kwa mkono. Kwa siku kadhaa mtu aliweza kutoka jengo moja saa 3 asubuhi, akavuka barabara, akaingia jingine ikawa ni saa 4. Jumatatu tarehe 27 baraza la mawaziri lilibatilisha uamuzi, na saa zikasogezwa usiku wa kuamkia tarehe 30.

Sisi tunaoifuatilia siasa ya Lebanon kwa muda mrefu tunapenda kuanzia hapo, kwa sababu kisa hiki kinaonyesha kitu ambacho ukisoma katiba peke yake hukioni. Jambo la kiofisi kabisa, la kusogeza mshale wa saa, liliamuliwa na wakubwa wawili wakikaa mezani, na kabla mtu hajauliza kama uamuzi ni mzuri au mbaya, lilikwisha kuwa la Waislamu na la Wakristo. Waumini wa kawaida walijikuta wamepangwa kwenye kambi ambazo hawakuziomba.

Neno linalobeba mfumo huu tunalo wenyewe. Waarabu wa Lebanon huita dhehebu *ta'ifa*, na ndilo neno tulilolichukua likawa *taifa*. Kwetu taifa ni Watanzania wote, Wakenya wote. Kwao ta'ifa ni Wamaroni, ni Wasuni, ni Washia, ni Wadruze. Serikali inazitambua 18: za Kikristo 12, za Kiislamu 5 (Wadruze na Waalawi wakihesabiwa humo), na moja ya Wayahudi. Na kugawana vyeo kati yake wanakuita *muhasasa*, neno la mzizi mmoja na *hisa* yetu. Ukiyashika maneno hayo mawili, umeshika sehemu kubwa ya mambo.

Hisa zenyewe ziko hivi. Rais ni Mmaroni, Waziri Mkuu ni Msuni, Spika ni Mshia. Hilo halimo katika katiba hata leo. Ni makubaliano ya mdomo ya mwaka 1943 kati ya Bechara El Khoury na Riad Al Solh, wakati nchi inajitoa mikononi mwa Ufaransa. Bunge la wakati ule liligawanywa kwa uwiano wa 6 kwa 5, Wakristo wakiwa juu, na ndiyo maana idadi ya viti kwa miaka mingi iligawanyika kwa 11: viti 55, baadaye 99. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1975. Makubaliano ya Taif ya Oktoba 1989, yaliyofikiwa Saudi Arabia, yalifungua njia ya kuvimaliza mwaka 1990, na uwiano ukawa nusu kwa nusu. Tangu 1992 viti ni 128. Wakristo wana 64: Wamaroni 34, Waorthodoksi wa Kigiriki 14, Wakatoliki wa Kigiriki 8, Waarmenia Waorthodoksi 5, Waarmenia Wakatoliki 1, Waprotestanti 1, na kiti 1 cha madhehebu madogo yaliyobaki. Waislamu wana 64: Wasuni 27, Washia 27, Wadruze 8, Waalawi 2.

Hesabu ya 6 kwa 5 ilisimama juu ya sensa ya mwaka 1932. Hiyo ndiyo sensa rasmi ya mwisho Lebanon iliyowahi kufanya. Watu wamezaliwa, wamehama, wamekufa vitani, na nchi haijahesabiwa tena, maana kila mwenye hisa anaogopa idadi mpya itasema nini. Msomaji wa Tanzania anaweza kukumbuka kwamba sensa yetu iliuliza dini mara ya mwisho mwaka 1967. Kwa kuondoa swali moja, nchi iliendelea kujihesabu. Lebanon ilishindwa kuondoa swali, ikaacha kuhesabu. Na bila hesabu, kupanga shule, maji au hospitali kunakuwa kazi ya kupapasa gizani.

Wengi huanza na Bunge wakitaka kuelewa mfumo. Uzoefu umetufundisha kuanzia chini kabisa, kwenye ofisi ya *nufus*, yaani masjala ya nafsi. Kila Mlebanoni ameandikwa katika daftari la familia lenye namba, katika kijiji au mtaa walikotoka wazee wake, chini ya dhehebu la baba yake. Hapo ndipo anapopiga kura. Familia inaweza kuwa imeishi Beirut vizazi viwili, inalipa kodi Beirut, inalia na takataka za Beirut, lakini siku ya uchaguzi wa wabunge, na hata wa madiwani, inapanda gari kurudi kijijini Akkar, kaskazini, au kusini kuchagua watu wa kule. Mwanamke akiolewa, jina lake linahamishiwa kwenye daftari la mumewe, na kura yake inahama nalo.

Madhara ya kanuni hii ni makubwa kuliko inavyoonekana. Kwanza, diwani wa mahali unapoishi hakuogopi, kwa kuwa huna kura kwake. Pili, safari ya kurudi kijijini inagharimu, na vyama vinakuwa tayari kuilipia: basi, mafuta ya gari, chakula cha mchana. Tatu, daftari la wapiga kura linaonyesha dhehebu, na mara nyingi vituo vimepangwa kwa dhehebu na kwa jinsia, wanaume chumba hiki, wanawake kile. Masanduku yakifunguliwa, wakala aliyekaa na daftari lake anajua Wasuni wanaume wa mtaa fulani wamempa nani. Kura ya mtu mmoja ni siri. Ya familia yake na majirani zake haina siri.

Zamani hata ya mtu mmoja haikuwa salama. Mpaka uchaguzi wa 2009 hakukuwa na karatasi rasmi ya kura. Mpiga kura aliweza kuandika majina kwenye karatasi yake mwenyewe, au, kama ilivyokuwa kawaida, kutumia karatasi aliyopewa nje na watu wa chama. Chama kiliweza kupanga majina kwa mfuatano tofauti kwa kila ukoo. Wakati wa kuhesabu, karatasi yenye mfuatano ule ikitokea, wakala anaweka alama. Isipotokea, ukoo unaulizwa fedha zilikwenda wapi. Sheria namba 44 ya mwaka 2017 ilileta karatasi iliyochapishwa na serikali, yenye orodha zote na picha za wagombea. Kati ya mageuzi yote tuliyoyaona yakipita pale, hili dogo ndilo lililomgusa mpiga kura moja kwa moja.

Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta uwiano wa kura, na inafaa kuielewa kwa hesabu, kwa sababu humo ndimo demokrasia na mgao wa madhehebu vinagongana. Nchi ina majimbo 15, mengine yamekatwa ndani kuwa wilaya ndogo, jumla 26. Mpiga kura anatia alama kwenye orodha moja ya wagombea, kisha anaweza kutoa kura ya upendeleo kwa mgombea mmoja wa orodha hiyo aliye katika wilaya yake. Akitia alama kwenye orodha tu, kura inahesabika. Akimchagua mgombea bila kugusa orodha, zote mbili zinahesabika. Akichagua orodha hii na mgombea wa orodha ile, orodha inahesabika na mgombea anapotea. Akitia alama orodha mbili, karatasi imeharibika.

Chukua jimbo la mfano lenye viti 5: vya Wasuni 3, cha Wamaroni 1, cha Waalawi 1. Kura halali ni 100,000. Gawa kwa 5, kigawe cha kwanza ni 20,000, na orodha isiyofika hapo inatoka. Orodha A ina kura 48,000, B ina 37,000, C ina 15,000. C imetoka. Kura zilizobaki 85,000 zinagawanywa tena kwa 5: kigawe kipya ni 17,000. A inapata viti 2 na baki ya 14,000. B inapata viti 2 na baki ya 3,000. Kiti cha tano kinakwenda kwa baki kubwa. A ina 3, B ina 2.

Mpaka hapo ni uwiano wa kawaida. Sasa wagombea wote wa A na B wanapangwa katika safu moja kwa kura za upendeleo, na viti vinatolewa kuanzia juu. Msuni wa A ana 18,000, anaingia. Msuni wa B ana 15,000, anaingia. Mmaroni wa A ana 9,000, anaingia. Mmaroni wa B ana 8,500, lakini kiti cha Wamaroni kimekwisha, anabaki nje. Msuni wa pili wa A ana 7,000, anachukua kiti cha mwisho cha Wasuni, na A imejaza viti vyake 3. Msuni wa pili wa B mwenye 6,000 hana kiti cha dhehebu lake. Mwalawi wa A ana 5,000, ila orodha yake imejaa. Kimebaki kiti kimoja, ni cha Waalawi, na lazima kiende kwa B. Mwalawi wa B ana kura 120. Yeye ndiye mbunge.

Namba hizo ni za kufundishia, lakini jambo lenyewe hutokea. Mwaka 2018 kiti cha Waarmenia Waorthodoksi cha Zahle kilichukuliwa kwa kura 77 za upendeleo. Hakuna aliyeiba. Kila hatua ilifuata sheria. Kosa liko kwenye kufunga kwa wakati mmoja vitu viwili visivyokaa pamoja, hisa ya chama na hisa ya dhehebu, na mzigo wote unaangukia kiti cha mwisho, ambacho mara nyingi ni cha dhehebu dogo. Vyama vikubwa vinalijua hilo, vinaweka mtu wao kwenye kiti kile vikisubiri hesabu imfikie. Waarmenia au Waalawi wa mahali pale wanapata mwakilishi wa jina lao ambaye hawakumchagua wao. Mgao uliowekwa kuwalinda ndio unaowanyima sauti.

Kuna na kigingi kingine kisichosemwa sana. Kigawe cha kwanza ndicho kizuizi cha kuingia, na kinategemea wingi wa viti. Jimbo la Chouf na Aley lina viti 13, hivyo orodha mpya inahitaji karibu asilimia 7.7 ya kura. Jimbo la Saida na Jezzine lina viti 5, na huko inahitaji asilimia 20. Waliotoka kwenye maandamano ya Oktoba 2019, wale waliopiga kelele barabarani kwamba «wote maana yake wote», yaani viongozi wote waondoke, waliingia Bungeni mwaka 2022 zaidi ya 10. Walikogawanyika katika orodha 3 au 4 ndani ya jimbo moja, kura zao zilimwagika kabla hata hazijafika kwenye hesabu ya pili. Kwa mfumo wa namna hii, kuungana mapema kuna thamani kuliko hoja nzuri.

Turudi kwenye masjala, kwa kuwa huko ndiko mwananchi anakoumia zaidi. Lebanon haina ndoa ya bomani. Mtanzania na Mkenya wanajua kwamba wawili wa dini tofauti, au wasiotaka padri wala shehe, wanaweza kwenda kwa mkuu wa wilaya au msajili wakafunga ndoa ya kiserikali. Kwa Mlebanoni mlango huo haupo ndani ya nchi. Kuna sheria za familia 15, kila dhehebu na mahakama yake. Ndoa, talaka, malezi ya watoto, vyote viko kwa viongozi wa dini. Kwa hiyo wawili wanaopendana kuvuka mipaka hupanda ndege kwenda Kupro, safari isiyofika saa moja, wanafunga ndoa ya kiraia kule, na wakirudi serikali ileile iliyowanyima inaisajili.

Tofauti za sheria hizi si ndogo. Kwa Washia mama hubaki na mtoto wa kiume mpaka miaka 2, wa kike mpaka 7. Wasuni waliinua umri huo kufika miaka 12, baada ya kina mama kupiga kelele kwa miaka. Mmaroni hana talaka, ana kubatilishiwa ndoa tu, na kesi yake hudumu. Wapo wanaohamia kanisa jingine ili waachane. Hapa wengi hukosea: akihama mmoja tu wa wanandoa, ndoa inabaki chini ya mahakama ya dhehebu iliyoifunga. Ni lazima wahame wote wawili. Wapo pia akina baba wa Kisuni wenye mabinti watupu wanaohamia Ushia uzeeni, kwa sababu kwa fikihi ya Kijaafari, yaani sheria ya Kishia, mabinti hurithi bila ami zao kuingia katika mgao. Kuhama kwenyewe ni karatasi: ombi kwa ofisi ya nufus, cheti cha mkuu wa dhehebu linalompokea, saini na mashahidi 2. Mtu anabadilisha dini kama anayehamisha akaunti ya benki, na moyo wake haujaguswa. Sioni kama kuna jambo linaloidhalilisha dini kuliko hilo, na viongozi wa dini wanaoutetea mfumo wangelifikiria.

Je, mtu anaweza kutoka kabisa? Mwaka 2009 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ziad Baroud, aliruhusu raia kufuta dhehebu lake kwenye rejesta. Baadhi walifuta. Mwaka 2013 ilisajiliwa ndoa ya kiraia ambayo wawili waliofuta waliifunga ndani ya Lebanon, kwa hoja kwamba amri namba 60 ya mwaka 1936, ya enzi za Wafaransa, inawaruhusu wasio na dhehebu kufuata sheria ya kiraia. Zilifuata chache, kisha usajili ukazuiwa tena. Na aliyefuta anagundua tatizo jipya: viti vyote 128 vya Bunge vina majina ya madhehebu. Asiye na ta'ifa hana kiti cha kugombea.

Wasio na ta'ifa wa aina nyingine ni dada zetu wanaokwenda kule kufanya kazi za ndani, Wakenya na Waethiopia miongoni mwao. Sheria ya kazi ya 1946, ibara ya 7, inawaacha nje watumishi wa majumbani, na kibali chao kimefungwa kwa mwajiri. Mlebanoni akipata shida humtafuta mkubwa wa dhehebu lake ampigie simu mtu. Dada wa kazi hana wa kumpigia. Nchi ambayo haki hupitia kwa kundi, asiye na kundi anabaki na mikono mitupu.

Juu serikalini, mfumo unakwama kwa vitasa viwili. Cha kwanza ni akidi. Kumchagua rais kunahitaji wabunge 86 kati ya 128 wawe ukumbini. Kambi yenye theluthi na kidogo haina haja ya kumshinda mgombea. Inatoka nje tu. Hivyo kiti cha rais kilikaa wazi kuanzia Mei 2014 hadi tarehe 31 Oktoba 2016, na tena kuanzia mwisho wa Oktoba 2022 hadi tarehe 9 Januari 2025, alipochaguliwa Joseph Aoun kwa kura 99 katika duru ya pili. Rais asipokuwepo madaraka yake yanakwenda kwa baraza zima la mawaziri. Katika kipindi kile cha kwanza walielewana kwamba waamue kwa kauli moja, mawaziri wote 24. Waziri mmoja akinuna, shughuli imelala.

Kitasa cha pili kimo ndani ya baraza. Katiba inataka theluthi mbili kwa mambo makubwa, na inasema serikali imejiuzulu ikipoteza zaidi ya theluthi ya mawaziri. Kwa baraza la watu 30, hesabu ya kuliangusha ni 11. Ndiyo maana makubaliano ya vyama vya Lebanon yaliyofikiwa Doha, Qatar, Mei 2008 yalipigania namba na si sera: 16 kwa walio wengi, 11 kwa wapinzani, 3 kwa rais. Januari 2011 mawaziri 11 walijiuzulu siku moja na serikali ya Saad Hariri ikaanguka. Ukisikia mazungumzo ya kuunda serikali Lebanon yanachukua miezi, jua mara nyingi wanabishania nani atakuwa na mtu wa 11. Au nani atapata Wizara ya Fedha, maana waziri wake hutia saini kwenye amri zenye matumizi pamoja na rais na waziri mkuu, na saini hiyo ya tatu vyama vya Kishia vinaitaka iwe yao. Mustapha Adib, aliyepewa kuunda serikali mwisho wa Agosti 2020, wiki chache baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut, alikwama hapohapo na kurudisha kazi Septemba 26.

Kwenye ajira za serikali katiba yenyewe ni nzuri kuliko matendo. Ibara ya 95 inasema usawa wa Wakristo na Waislamu ubaki kwenye vyeo vya daraja la kwanza tu. Chini ya hapo ni sifa na uwezo. Lakini kuna walinzi wa misitu waliofanya mtihani wa Baraza la Utumishi wa Umma, wakafaulu, na uteuzi wao ukakwama kwa miaka kwa sababu kati ya waliofaulu Waislamu walikuwa wengi mno kuliko Wakristo. Jambo lile lilipanda mpaka kwenye sheria ya bajeti ya 2019 na barua ya rais kuliomba Bunge litafsiri ibara. Watu wazima wamesoma, wamepita mtihani, misitu inaungua, na wao wanasubiri kufaulu kwa wengine ili mizani ikae sawa.

Hata hivyo tusiwe wepesi kusema mfumo ufutwe kesho. Waarmenia wana viti 6 katika nchi ambayo babu zao walifika wakikimbia mauaji. Hakuna rais wa maisha Lebanon, katika eneo lililowajua wengi, kwa kuwa hakuna kundi lenye uwezo wa kuyameza mengine. Dhehebu linampa mtu shule, zahanati na kitanda cha hospitali serikali inaposhindwa. Ibara ya 95 inaagiza iundwe kamati ya taifa ya kuondoa udhehebu kwa hatua, na ibara ya 22 inaahidi kwamba Bunge la kwanza lisilo na mgao wa madhehebu likichaguliwa, kutakuwa na Seneti itakayobeba hofu za madhehebu kwenye mambo mazito peke yake. Ni njia ya busara. Tangu 1990 hakuna aliyeitembea, maana wanaotakiwa kuifungua ndio wanaokula kwa kufungwa kwake.

Watu wa Maziwa Makuu wana kipimo cha kulinganisha. Burundi, kwa mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 na katiba ya 2005, iligawa Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, na kuwatengea Watwa viti 3, Seneti nusu kwa nusu. Tofauti iko kwenye orodha za vyama: katika kila wagombea 3 wanaofuatana, wasizidi 2 wa kabila moja. Chama cha Wahutu kililazimika kutafuta Watutsi wa kweli na kinyume chake, na ushindani ukahamia ndani ya makabila. Burundi imepata majeraha mengine mazito tangu wakati huo, 2015 ikiwa ushahidi. Lakini kwa fundi wa katiba swali la manufaa ni hilo: je, mgao unamlazimisha mwanasiasa atafute kura na watu nje ya kundi lake, au unampa kundi kama shamba la urithi? Lebanon ya majimbo madogo na vituo vya dhehebu moja inampa shamba.

Kuna sehemu moja ambako sheria ya Lebanon haina mgao, nayo ni halmashauri za miji. Beirut ina madiwani 24, na tangu 1998 desturi ni 12 kwa 12, ingawa wapiga kura Waislamu ni wengi kuliko Wakristo na anayepata kura nyingi ndiye anayeingia. Mei 2025 uchaguzi ulipofanyika baada ya kuahirishwa kwa miaka, wengi waliogopa kwamba baraza lingetoka la upande mmoja. Vyama vinavyotukanana Bungeni viliingia kwenye orodha moja, vikawaomba watu wao wasikate majina, kwa maana katika uchaguzi huu mpiga kura ana ruhusa ya kufuta jina na kuandika jingine. Usawa ulibaki, bila kifungu chochote kuulazimisha.